Msimu Tuliompeleka Baba Lwakhakha

Jumatatu, 6 Oktoba 2003. Kachibora

Baba hakwenda kukamua leo. Ng'ombe walilia mpaka jirani yetu, Mzee Kibiwott, akavuka ua kuuliza, "Wakoli ako wapi? Ng'ombe zake zinaita." Niliingia chumbani nikamkuta ameketi kando ya kitanda, gambuti moja mguuni na nyingine mkononi, anaitazama kama kitu alichookota njiani. Mdomo wake ulikuwa umevutwa upande mmoja. Nilimwita. Alichonijibu hakikuwa neno.

Tulimpeleka hospitali Kitale kwa pikapu ya mwenye duka. Wamesema ni kiharusi. Mama amebaki naye. Mimi nimerudi kwa sababu ya ng'ombe, na kwa sababu ya binti yangu Joy, na kwa sababu kesho nina darasa la kufundisha. Ninaandika haya nikingoja maziwa yachemke, nisije nikasinzia yakamwagika.

Alhamisi, 9 Oktoba

Shule, hospitali, ng'ombe. Mvua kubwa alasiri.

Jumapili, 12 Oktoba

Leo nilimlisha Baba uji. Upande wa kulia umekufa ganzi, lakini mkono wa kushoto bado unamtii. Uji ulipomtoka mdomoni nilikwenda kutafuta kitambaa, na niliporudi alikuwa ameshakipata cha Mama. Akakiinua kwa shida, polepole, akanipangusa mimi. Sikuwa na uji mdomoni. Nadhani nilikuwa nalia bila kujua.

Hivyo ndivyo alivyokuwa. Jumamosi za utoto wetu, wanaume wengine walipokuwa wamekaa kwenye pombe ya busaa, Baba alichemsha maji kwenye debe akatuogesha mimi na kaka yangu Khisa nje ya nyumba, akitusugua masikio mpaka yanawaka. Majirani walimcheka. Ati Wakoli ameolewa. Yeye alisema, "Hawa ni wangu. Nikiwaosha mimi, nani ananidai?" Mama alipojifungua mtoto wetu wa mwisho, yule aliyefariki, Baba alipika ugali wiki nzima, ugali mbaya wenye mabonge, akautetea kama wakili.

Nimechoka. Miguu imevimba.

Jumatano, 15 Oktoba

Nimempigia Khisa kwa simu ya pale sokoni. Yuko ofisi ya maji, Bungoma. Nilipomwambia Baba hawezi kusema, akasema, "Sawa. Nitakuja kwa sikukuu." Kana kwamba nimeripoti bomba lililopasuka. Miaka hii yote tunamwona Krismasi, na Krismasi nyingine hatumwoni. Bungoma si ng'ambo.

Ijumaa, 17 Oktoba

Mvua. Hakuna jipya.

Jumatatu, 20 Oktoba

Sikukuu. Khisa alikuja, na daktari akaturuhusu turudi na Baba nyumbani. Ameshasema hakuna zaidi wanachoweza kumfanyia pale kitandani.

Gari liliacha njia ya lami likakwama kwenye matope kabla ya lango letu. Khisa alivua koti, akakunja suruali ya ofisi, akamchukua Baba mgongoni mpaka ndani. Mama alitembea nyuma amemshika Baba kiuno asiteleze. Mimi nilibaki na viatu vya watu mikononi. Sikujua Khisa ana mgongo wa kubeba kitu.

Lakini jioni, kabla ya kuondoka, aliniambia, "Phelista, tuanze kufikiria Lwakhakha."

"Lwakhakha kuna nini?"

"Kwao mzee. Mambo yakiharibika."

Nilimwambia aende zake. Mzee bado anapumua, yeye anatafuta pa kuchimba.

Alhamisi, 23 Oktoba

Mahindi yamekauka, yanangoja kukatwa, na mvua haitaki kuondoka. Kila siku asubuhi jua, alasiri maji. Baba tumemlaza karibu na dirisha. Wingu likitokea upande wa Cherangany anainua mkono wa kushoto na kutuonyesha, kama sisi ndio hatulioni.

Mama amekonda. Hasemi sana, lakini yeye hajawahi kusema sana.

Jumamosi, 25 Oktoba

Mzee Kibiwott alikuja kumnyoa Baba. Alileta wembe wake mwenyewe na maziwa ya mkewe Jerono kwenye kibuyu. Wawili hawa wamegombania mpaka wa shamba tangu sijaanza shule, na katika vita vya mwaka tisini na mbili, makabila yetu yalipochomeana nyumba, Kibiwott alikuja na mkuki wake akalala kwenye sebule yetu mpaka mambo yalipotulia. Baada ya hapo wakarudi kugombana juu ya mpaka.

Leo alimnyoa akimwambia, "Mwaka ujao nitasogeza ua, Wakoli, kama hutaamka unizuie." Baba alicheka. Nusu ya uso ilicheka.

Jumatano, 29 Oktoba

Baba amefariki leo asubuhi.

Nilikuwa nimevaa nguo za shule tayari. Mama alikuwa akimpaka mafuta miguuni, jinsi anavyofanya kila asubuhi. Aliniita si kwa sauti kubwa. Aliniita kama mtu anayeomba aletewe maji. "Phelista, kuja." Nilipofika, Baba alinitazama, nikamshika ule mkono mzuri. Ulikuwa na joto. Akavuta pumzi moja ndefu, na ndani ya kichwa changu nikawa nangoja ya pili, nangoja, huku Mama akiendelea kumpaka mafuta mguu ule ule.

"Mama," nikasema.

"Najua. Wacha nimalize."

Akamaliza mguu wa pili, akaifunika yote miwili, ndipo akatoka nje akapiga ukemi. Watu walikuja kutoka kila upande, wa kwetu na wa kina Kibiwott. Alasiri tukampeleka mochari Kitale. Njiani mvua ilitunyeshea, na dereva akazima redio bila kuambiwa.

Ninataka kuandika jambo moja kabla sijalala. Mwaka ule ndoa yangu ilipokufa, na watu wa mume wangu wakaniambia niondoke lakini mtoto abaki, Baba alikuja kutoka huku kwa trekta aliyokuwa akiendesha. Alifika amejaa vumbi hata kope. Hakuuliza nani alikosa. Walimwekea kiti, hakukaa. Alisema, "Nimekuja kuchukua watu wangu wawili." Akanipandisha, akampakata Joy yeye mwenyewe, akaendesha kwa mkono mmoja mpaka barabara kuu. Mpaka leo hajaniuliza. Sasa hataniuliza tena.

Ijumaa, 31 Oktoba

Khisa amekuja. Baba mdogo Jairus anakuja Jumatatu na wazee wawili kutoka Lwakhakha. Anataka mwili.

Jumapili, 2 Novemba

Watu wamejaa. Chai, kuni, sahani, chai. Kanisa waliimba mpaka koo zikakauka. Nimelala kidogo nimeegemea magunia.

Niandike juu ya Baba mdogo, maana hata Joy ameniuliza yeye ni nani. Ni ndugu wa Baba wa tumbo moja, wa pekee aliyebaki. Katika maisha yangu yote hajawahi kukanyaga boma hili. Walikuwa wakikutana kwenye matanga ya watu wengine na kusalimiana kwa ncha za vidole. Nikiwa mdogo tulikwenda Lwakhakha mara moja. Walimpa Baba kiti nje, chini ya ukingo wa paa, na hakuna aliyeleta hata maji. Alikaa mpaka akachoka, akasimama, akasema asanteni, tukarudi. Nilimuuliza tulikosa nini. Akasema, "Wamechoka tu." Tangu siku hiyo nimemchukia Jairus, na sijawahi kumwomba Mungu aniondolee chuki hiyo.

Jumatatu, 3 Novemba

Walikuja saa za chakula. Baba mdogo ni mrefu, mkavu, na fimbo yake ameifunga waya pale ilipovunjika. Alikataa kuketi kabla hajazunguka nyumba yote, akaangalia zizi, ghala, shamba. Nilimwona akisimama mbele ya picha ya Baba ukutani kwa muda mrefu, akaipa mgongo.

Mkutano ulianza. Alisema maneno machache. "Nimekuja kuchukua ndugu yangu. Nafasi yake iko upande wa kulia wa baba yetu. Nimeilinda, nimeilima, sikupanda kitu hapo."

Akisema "kulia" inasikika "kuria", na "kaburi" kwake ni "kabuli". Ndivyo hasa Baba alivyokuwa akisema. Ilinibidi nitoke nikashike ukuta.

Niliporudi nikasema azikwe hapa alipolima, alipoishi, mke wake alipo. Mzee mmoja aliniambia binti hazungumzi mambo ya kaburi. Khisa alikuwa anaangalia viatu vyake. Nikasema hata hivyo. Baba mdogo akaniuliza, "Alikwambia yeye mwenyewe? Azikwe hapa?"

"Alikuwa hawezi kusema."

"Basi hajakwambia."

Mvua ikaanza kupiga mabati, hatukusikiana tena. Tuliketi tukitazamana, watu wazima wote, kama wanafunzi waliofungiwa darasani. Ilipokwisha kila mtu alikuwa amechoka. Wamesema tutaendelea.

Jumanne, 4 Novemba

Darasa la nane wameanza mtihani bila mimi. Tumeendelea. Mvua. Hakuna uamuzi.

Jumatano, 5 Novemba

Yale yale. Baba mdogo analala kwenye nyumba ya kanisa, anakataa kulala kwetu. Chakula chetu hali. Jerono humpelekea maziwa, hayo anakunywa.

Nimegombana na Khisa nyuma ya ghala. Nilimwambia amemwuza Baba ili aonekane mwana mkubwa mbele ya ukoo. Hakukasirika. Aliketi juu ya kinu.

"Unajua mimi Jumapili huwa naenda wapi?" akaniuliza.

"Sijui. Huku huji."

"Naenda Lwakhakha. Kwa Baba mdogo. Miaka mingi sasa. Mwanzo alinifukuza. Siku moja nikamkuta anaezeka nyumba, nikapanda juu nikamsaidia, basi tangu hapo ananipa chai. Baba ndiye alinituma, Phelista. Aliniambia, 'Mimi hawanitaki, lakini wewe hujawakosea. Nenda ukae nao.' Nikirudi nilikuwa nampigia simu pale sokoni, anauliza, Jairus ni mzima? Amepanda? Anakohoa bado?"

Nilikuwa sijui Baba huenda sokoni Jumapili jioni kupokea simu. Nilidhani anakwenda kunyoosha miguu.

"Alimkosea nini?" nikauliza.

"Hakunieleza. Baba mdogo naye akifika hapo ananyamaza."

Alhamisi, 6 Novemba

Mahindi yaliyoanguka yameanza kuota. Nimeyaona kwa macho yangu.

Ijumaa, 7 Novemba

Leo yamekwisha. Nimeketi mezani tangu wageni waondoke, na sijui nianzie wapi. Nitaandika tu jinsi ilivyokuwa.

Tulikuwa sebuleni, wale wale. Mzee Kibiwott aliomba nafasi ya kusema, wakampa. Akasema kwa heshima, "Huyu mtu alikuwa wenu kwa kuzaliwa, lakini kwa kazi alikuwa wetu. Mkimchukua mnatuacha na shimo."

Hapo Baba mdogo akainuka.

"Shimo?" akasema. "Mimi niwaambie shimo. Mwaka wa sitini na nane baba yetu alikufa. Nikatuma mtu na baiskeli mpaka hapa, amwambie huyu mkubwa wetu kuja. Mtu akarudi akasema amefikisha ujumbe kwa mkono. Tukangoja. Udongo wa kwanza ni wa mtoto wa kwanza, hata nyinyi mnajua. Mzee alilala ndani ya nyumba mpaka hatungeweza kungoja tena, watu wakifunika pua. Nikamzika mimi. Nilikuwa kijana, hata ndevu hazijatosha. Nikatupa udongo wa mtu ambaye hakuja. Na hakuja mwezi huo, hakuja mwezi wa pili. Alipokuja hakusema ni kwa nini. Nilimuuliza mbele ya watu, Absalom, ulizuiwa na nini? Akasema, 'Sikuweza.' Hivyo tu. Sikuweza! Sasa nataka aje alale pale, karibu na yule aliyemwacha. Hata kama ni kwa nguvu."

Kwa mara ya kwanza nilimwona si kama yule mtu wa kiti cha nje. Nilimwona kijana ameshika udongo, watu wanamtazama.

Na nilimwonea Baba aibu. Nitaandika ukweli. Kwa dakika hiyo nilimwonea aibu.

Mama alikuwa ameketi kwenye mkeka karibu na mlango, mahali alipoketi tangu Jumatatu. Katika siku zote hizo hakuna hata mmoja wetu, wala mimi, aliyekuwa amemwuliza chochote zaidi ya chumvi iko wapi.

"Mmemaliza?" akasema.

Baba mdogo akamgeukia. "Mulamwa, kama una neno, sema." Mulamwa ndivyo tunavyoita shemeji.

"Yule mtu wa baiskeli alifika, ni kweli. Absalom alifunga viatu saa ile ile. Nilimfungia njugu kwenye kitambaa. Huyu," akaninyooshea kidole bila kunitazama, "alikuwa hajaanza kutembea. Alikuwa na surua. Ilikuwa imemwingia kifuani. Baba yake akainama kumuaga, na mtoto macho yakageuka, yakawa meupe. Akavua viatu. Tukamkimbiza Kitale, kwa mguu mpaka tukapata lori la mahindi. Hospitali watoto walikuwa wanakufa kitanda hadi kitanda. Kila asubuhi alisema, 'Akipata nafuu leo, naondoka.' Hakupata nafuu. Alikaa amemshika mpaka siku moja akanyonya. Wakati huo baba yenu alikuwa ameshazikwa."

Baba mdogo alikuwa bado amesimama. "Kwa nini hakusema?"

"Nilimwambia aseme. Tuligombana sana juu ya hiyo. Akaniambia, 'Agneta, nikisema ni mtoto, watasema mtoto huyu alikula mazishi ya mzee. Atakua na jina hilo. Ataolewa nalo. Kitu chochote kibaya kikitokea huko watamtazama yeye. Wacha waseme ni mimi. Mimi nina mgongo mpana.'" Mama akapangusa mkeka kwa kiganja. "Akaniapisha. Sasa amekufa, na kiapo kimekufa naye. Nimechoka kukibeba."

Nilikuwa nimesimama. Sikumbuki nilisimama lini.

Mama akaendelea, sauti ile ile ya kuomba maji. "Mpelekeni. Mimi ndiye mke wake, na mimi nasema mpelekeni Lwakhakha. Huko kuna mahali anangojwa."

"Mama, hapana," nikasema. "Hapa ndipo kwake. Na wewe? Wewe utazikwa wapi?"

"Mimi mnizike hapa, nyuma ya ghala, nisikie ng'ombe. Kaburi si kitanda, Phelista. Nimelala na baba yako miaka ya kutosha. Wewe ulimzuia mara ya kwanza, mama yangu. Usimzuie mara ya pili."

Alilisema bila ukali. Aliniita mama yangu, kama anavyoniita nikiwa mgonjwa.

Baba mdogo Jairus aliketi. Aliketi vibaya, fimbo ikaanguka, na Khisa akaiokota akaishika yeye. Mzee yule hakulia. Aliniangalia tu. Aliangalia kichwa changu, mikono, miguu, kama anayepima ng'ombe sokoni, na mimi nikamwacha aangalie.

Mwishowe akasema, "Kuna chakula?"

Nikampakulia ugali na kuku, nikamnawisha mikono. Alikula chote.

Jumamosi, 8 Novemba

Nimelala mchana kutwa. Sijawahi.

Jumanne, 11 Novemba

Wamenipa kazi ya kuandika wasifu wa marehemu utakaosomwa kaburini. Nimeandika alizaliwa, akasoma mpaka darasa la nne, akawa dereva wa trekta kwenye shamba la mzungu, akanunua ekari zake kupitia ushirika. Nikasoma. Ni mtu mwingine huyo, mtu wa wasifu. Nimeanza upya.

Ijumaa, 14 Novemba. Lwakhakha

Tulimtoa mochari asubuhi, tukapitia Kimilili na Chwele, mvua ikitufuata. Nyuma yetu lori la watu wa Kachibora, wengi wao Wakalenjin, wakiimba nyimbo za kanisa kwa lugha yao. Niliogopa huku Bungoma watawatazama vibaya. Tulipofika, Baba mdogo alitoka akawasalimia mmoja mmoja kwa mkono, na wanawake wakaleta viti. Waliviweka ndani.

Mama hajala. Kutoka hapa unaona vilima vya Uganda.

Jumamosi, 15 Novemba

Tumemzika Baba.

Nilisoma wasifu. Watu wa huku hawakumjua, kwa hiyo niliwaambia. Niliwaambia aliimba besi vibaya na hakuna mwalimu wa kwaya aliyethubutu kumtoa. Niliwaambia juu ya debe la maji ya Jumamosi na masikio yetu, na ugali wenye mabonge. Watu wakacheka, na kicheko chao kilinisaidia kusimama. Niliwaambia alivyokuja kunichukua kwa trekta. Halafu nikasema, "Mwaka wa sitini na nane hakuja hapa. Alikuwa amenishika mimi." Nilikuwa sijaliandika hilo. Nilitaka watu wa huku walisikie kutoka kwangu, na kama kuna jina la kunipa, wanipe nikiwa mtu mzima ninayeweza kulijibu.

Hakuna aliyenipa jina. Bibi mmoja kizee alisema tu, "Woi, Absalom," akaketi chini.

Kibiwott alipewa nafasi. Alivua kofia. "Mimi na Wakoli tumegombana kila mwaka. Ng'ombe yangu ikiingia kwake, ananiletea yeye mwenyewe, ananitukana, anakunywa chai, anaenda. Sasa ng'ombe ikiingia nani ataniletea?" Akataka kuendelea, akashindwa, akavaa kofia.

Udongo wa kwanza ulikuwa wa Khisa. Aliuchota, akasimama, halafu akamshika Baba mdogo mkono wakautupa pamoja. Sijui kama mila inaruhusu. Wazee waliangalia pembeni.

Jumanne, 18 Novemba

Tumenyolewa nywele za msiba. Kichwa kinapata baridi. Tumerudi Kachibora.

Shamba limekatwa. Lote. Jerono alikuwa amebaki akawakusanya majirani, wakakata na kusimamisha mabua mafungu mafungu siku tuliyokuwa njiani. Upande wa chini mahindi mengi yameoza, hakuna ambacho mtu angeweza kufanya. Mama alipita katikati ya mafungu akiyagusa. Halafu akaingia kukamua.

Jumatatu, 24 Novemba

Shule imefungwa. Tunamenya mahindi. Vidole vinauma.

Jumamosi, 6 Desemba

Tunamenya.

Jumapili, 14 Desemba

Jua, hatimaye. Mama ametandika turubai kabla ya kanisa na akakataa kwenda kanisani. Alisema Mungu ataelewa, mahindi hayataelewa.

Alhamisi, 25 Desemba

Khisa na watoto wake wote wamekuja, wamelala. Nyumba imejaa miguu. Niliweka sahani ya Baba mezani kwa mazoea, nikaiondoa. Khisa aliona. Akaichukua, akaitumia yeye.

Sina hasira naye tena. Niliitafuta leo nikiosha vyombo, sikuipata.

Jumapili, 4 Januari 2004

Kesho shule zinafunguliwa. Nilikuwa nimetenga leo kupiga pasi na kupumzika, lakini alasiri lango lililia, na alikuwa Baba mdogo Jairus na mfuko wa plastiki wenye blanketi.

"Umekuja kukaa?" Mama akamuuliza.

"Nimekuja kuangalia nyumba ya ndugu yangu. Nikichoka nitaenda."

"Hapa hakuna kuangalia tu. Phelista, mpe ungo."

Kwa hiyo tuliketi wawili kwenye ukingo wa turubai, tukichambua mbegu za mwaka huu, nzuri upande mmoja na zilizooza upande wa pili. Ana mikono ya Baba, isipokuwa kucha. Aliinamia ungo. Nilidhani amesinzia.

"Mwaka ule nilikuja kumchukua," akasema.

"Nani?"

"Baba yako. Mzee alikuwa bado ndani ya nyumba. Nikasema mimi nitamleta Absalom, hata kwa kamba. Nikafika Kitale jioni, nikalala kwa baraza ya duka la Mhindi. Asubuhi nikapata mtu akanionyesha njia ya Kachibora. Nikatembea kidogo. Nikarudi."

"Ulirudi kwa nini, na ulikuwa umeshafika?"

Alichukua punje moja nyeusi, akaipeleka karibu na jicho, akaitupa.

"Niliogopa nitamkuta mzima," akasema. "Amekaa tu, anakunywa chai, hana mgonjwa, hana kitu. Ningefanya nini? Nikaona afadhali nisijue."

Alisema akiangalia ungo. Shingo yake imekunjamana kama ya Baba, pale nyuma, chini ya kofia. Nilifikiria hospitali hiyo ya Kitale, siku hiyo hiyo, na baraza ile ya duka, jinsi zilivyo karibu. Mtu anaweza kutembea.

"Ungenikuta mimi," nikamwambia.

Akatikisa kichwa polepole, mara nyingi. Halafu akanisukumia mbegu zake nzuri, zichanganyike na zangu.